Barua ya wazi kwa viongozi wa Lindi na Mtwara: tuandikeni wanaredio wa ridhaa kwenye mpango wa maafa kabla ya mvua

Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Lindi na Mtwara,
Waheshimiwa wajumbe wa kamati za usimamizi wa maafa za mikoa na wilaya,
Ndugu zetu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania,

Nawasalimu kwa heshima.

Naandika kutoka Mnazi Mmoja, Lindi, pale njia panda, barabara moja inapoelekea Mtwara na nyingine Masasi. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nilianza kazi katika hospitali ya misheni enzi ambazo simu ya mkononi ilikuwa haijafika huku. Kwenye chumba kidogo kando ya duka la dawa kulikuwa na redio koli, ile ambayo wagonjwa waliiita redio ya upepo. Kila asubuhi mmoja wetu alikaa mbele yake na daftari. Kwa redio ile tuliomba damu, tuliuliza kama gari limevuka mto, tulimwelezea daktari aliye mbali mtoto alivyokaa tumboni naye akatuambia la kufanya. Nimezalisha akina mama kwa maelekezo yaliyokuja hewani yakiwa yamejaa mikwaruzo, na mama na mwana wakatoka salama.

Simu zilipofika, redio ile ilifunikwa kitambaa, kisha ikatolewa, na sijui iliishia wapi. Nilipostaafu nikakumbuka kazi ile. Nikasoma, nikapata leseni ya redio ya ridhaa, na leo nina kituo changu nyumbani chenye jina la hewani linaloanza na 5H, kama vituo vingine vya ridhaa vya Tanzania. Ridhaa ni kama ile ya mpira: tunafanya kwa hiari, hatulipwi, na sheria haituruhusu kutoza mtu hata senti kwa ujumbe tunaoupeleka.

Ninachoomba kwenu ni kimoja. Tuandikeni sisi wanaredio wa ridhaa kwenye mpango wa maafa wa mikoa yetu, kwa majina na kwa barua, sasa hivi kabla mvua hazijaanza. Mengine yote nitakayoyasema yanatokana na hilo.

Nieleze lililonifanya nichukue kalamu. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia tarehe 4 Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatutahadharisha siku kadhaa kabla, na kwa hilo nawashukuru. Upepo ulipungua nguvu. Mvua haikupungua. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa, maeneo ya Somanga na Mikereng'ende, maji yakabeba madaraja na makalavati, na kwa siku kadhaa Kusini ikawa kama kisiwa. Hapa kwangu Mnazi Mmoja mabasi yalirudi yakapaki. Watu walilala ndani ya mabasi na kwenye baraza za maduka, wengine wakiwa na watoto wachanga. Mtandao wa simu ulikuwa unakuja na kupotea, na usiku ukapotea kabisa.

Jumapili tarehe 5, asubuhi, nilifunga waya wangu kati ya mikorosho miwili, nikaunganisha redio kwenye betri ya N70 inayochajiwa na sola, nikaita. Mwenzangu wa Dar es Salaam akaitikia. Kutoka kwake tulijua barabara imekatika sehemu zipi, habari ambayo abiria wale walikuwa wanabahatisha tu. Nikatoka na daftari, nikawaambia anayetaka ndugu zake wajue yuko salama anipe jina na namba ya simu, mwenzangu atapiga kutoka Dar. Nikaandika majina 17.

Nilikuwa nimepeleka 9 alipofika kijana mmoja mwenye mamlaka. Akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo mama. Nani amekuruhusu kutumia hiki chombo?" Nikamwonyesha leseni. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akasema hajawahi kuona karatasi ya namna ile, na kwamba hali ni tete, kwa hiyo nizime nisubiri maelekezo. Nikamjibu, "Sawa mwanangu," nikazima. Nimefanya kazi chini ya utaratibu maisha yangu yote. Maelekezo yalikuja siku ya tatu: kwamba hakuna tatizo, naweza kuendelea. Majina 8 yale bado yamo kwenye daftari langu, hayana alama ya vema.

Simlaumu kijana yule. Angenifahamuje? Hakuwa na orodha yoyote yenye jina langu. Hakuna aliyemwambia kwamba katika wilaya yake kuna watu wa aina yangu, wana kibali gani na mipaka yao ni ipi. Alifanya ambalo mtu makini angefanya akikuta mama mzee anazungumza kwenye mashine ngeni, nyuzi zikining'inia mitini, katika mkoa unaokaribia mpaka ambao ng'ambo yake, Cabo Delgado, kumekuwa na mapigano tangu 2017. Hofu hiyo naielewa, nami ninayo. Ndiyo maana nasema mambo haya yamalizwe mezani, mchana, watu wakiwa wametulia. Usiku wa mafuriko si saa ya kukaguana leseni.

Wako watakaosema mitandao ya simu siku hizi ni imara. Ni kweli imekuwa, nami naitumia kila siku. Lakini mnara wa simu ni kiungo kimoja tu katika mnyororo. Unahitaji umeme, umeme ukikatika unategemea betri, na betri zikiisha unategemea jenereta, na jenereta inahitaji dizeli, na dizeli inakuja kwa barabara ileile iliyokatika. Mnara unaweza kusimama wima bila kuguswa na upepo na bado ukawa bubu, kwa sababu njia inayouunganisha na Dar es Salaam imekatika mahali fulani. Na hata ukiwa mzima, watu wote wakipiga kwa wakati mmoja unazidiwa. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

Tuliona hivyo Mei ileile. Tarehe 12 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na nchi nzima ikaona intaneti ikizorota au kukatika. Hidaya haikuhusika na hilo. Lakini hesabuni siku: tarehe 4 kimbunga, tarehe 12 intaneti. Je, vingeangukia usiku mmoja?

Na niseme ukweli wote, maana sipendi kuuza dawa bila kutaja madhara yake. Katikati ya siku hizo, tarehe 10 na 11 Mei, kulikuwa na dhoruba ya jua kubwa kuliko zote kwa takriban miaka 20, na mawimbi mafupi tunayotumia yalivurugika. Niliita sikujibiwa. Redio nayo ina siku zake mbaya. Kwa hiyo siombi mtupe kazi ya simu, wala ya redio za polisi, wala ya redio za vyombo vya majini. Naomba tuwe njia moja zaidi, inayoharibika kwa sababu tofauti na zile zinazoharibu njia nyingine. Mkunga hategemei mkasi mmoja.

Maafa haya si mageni kwetu. Wazee wa Lindi wanakisimulia bado kimbunga cha Aprili 1952 kilichopiga mji na kuua watu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia nchi kavu Msumbiji, kusini ya mto Ruvuma, wakati Mtwara imeshafunga shule na watu wameambiwa wahame mabondeni. Januari 2020 mafuriko ya Kilwa yalichukua maisha na kuacha familia juu ya mapaa na miti. Msimu wa vimbunga katika sehemu hii ya bahari ni Novemba hadi Aprili, na Hidaya imetufundisha kwamba hata Mei si salama.

Sasa nieleze tunachoweza kufanya, kwa sababu nimegundua wengi mnadhani redio hizi ni za kuzungumza na Wazungu walioko mbali. Hiyo nayo ipo, na inafurahisha. Ila kwa maafa tunahitaji kinyume chake: kusikika karibu, kilomita 50 hadi 400, bila mnara wowote katikati. Hapo kuna ufundi ambao ardhi yetu imetujalia. Waya wa antena ukifungwa chini, mita 3 au 4 kutoka ardhini, mawimbi ya megahezi 7 yanapanda karibu wima kama moshi siku isiyo na upepo, yanagonga tabaka la juu la anga na kurudi chini kama mwavuli. Mlima, bonde, msitu, vyote vinafunikwa. Liwale inasikika Lindi. Nanyumbu inasikika Mtwara mjini. Mchana tunatumia megahezi 7, usiku tunashuka hadi 3.5. Waya wenyewe kwa megahezi 7 ni mita 20 tu, mita 10 kila upande, na nguzo zake ni mikorosho. Mti mfupi kama mkorosho, ambao fundi wa antena wa nchi nyingine angeudharau, kwa kazi hii ndio unaofaa.

Kwa siku ambazo jua limechafua anga la juu, kuna masafa ya VHF, megahezi 144 hadi 146, ambayo hayategemei anga hilo. Hayo yanataka mahali pa juu. Tuna Newala. Aliyewahi kusimama Shimo la Mungu akatazama bonde la Ruvuma hadi Msumbiji anajua ninachosema: ripita moja pale juu, yaani chombo kinachopokea sauti na kuirusha upya, chenye sola na betri, ingeziona Tandahimba na Masasi. Upande wa Lindi tuna uwanda wa juu wa Rondo. Tunachohitaji ni ruhusa ya kuweka nguzo mahali palipo tayari, pengine pembeni ya tangi la maji au jengo la halmashauri.

Kuhusu usalama, kuna jambo ambalo nadhani halijawafikia. Redio ya ridhaa ni njia ya wazi. Kanuni za kimataifa zinakataza vituo vya ridhaa vya nchi tofauti kuwasiliana kwa lugha ya kuficha maana. Tunajitambulisha kwa jina la kituo, na yeyote mwenye redio ya kusikiliza, vyombo vyenu vikiwemo, anatusikia neno kwa neno. Mtu mwenye nia mbaya hawezi kupenda njia kama hiyo. Uwazi huo una gharama kwa mgonjwa, na kama muuguzi linanigusa: jina la mama aliyepoteza mtoto halipaswi kupita hewani. Kwa hiyo tulikubaliana na wenzangu kwamba mgonjwa atatajwa kwa namba ya faili na wadi tu. Mganga mkuu wa wilaya awe na orodha yake.

Kisheria pia mlango uko wazi. Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio uliofanyika Geneva mwaka 2003 ulirekebisha kifungu cha 25 cha Kanuni za Redio. Tangu hapo vituo vya ridhaa vinaruhusiwa kupeleka ujumbe wa kimataifa wa watu wengine wakati wa dharura na maafa, na nchi zinahimizwa kuwawezesha wanaredio wao kujiandaa. Nasi tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, yenye kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Kinachokosekana ni mstari mmoja katika mpango wa mkoa unaosema: simu zikikata, hawa ndio wa kuitwa, watakaa hapa, wataripoti kwa fulani.

Wenzetu wa bahari hiihii walishaona faida yake. Desemba 2004 mama mmoja wa Kihindi, Bharathi Prasad, alikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, na wenzake wa redio ya ridhaa. Serikali ya India ilikuwa imewapa kibali cha kurusha kutoka huko baada ya miaka mingi ya kutoruhusu. Tarehe 26 tetemeko likatokea na tsunami ikafuata, ileile iliyokuja kuua watu hadi pwani ya Dar es Salaam. Visiwani simu zikafa. Yeye akageuza kituo chake kuwa cha dharura, akapeleka habari za walio hai kwa familia zao bara. Nimeifikiria sana habari yake. Hakuwa hodari kuliko wanaredio wengine wa dunia. Kibali chake kilikuwa kimeshatoka, na kila mtu alijua yuko pale kwa halali.

Mwaka 2017 kimbunga Maria kilipovunja Puerto Rico, asilimia 95 ya minara ya simu ilinyamaza. Msalaba Mwekundu wa Marekani ukaomba chama cha wanaredio wa ridhaa, ARRL, watu wa kujitolea. Wakaenda 22. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kama ile ya daftari langu: kuandika majina ya walio salama na kuyatoa nje ya kisiwa. Msalaba Mwekundu wetu upo hapa pia, na vijana wake nimefanya nao kazi ya chanjo. Tuunganisheni.

Mnaweza kuuliza, mazoezi gani? Naomba kila Oktoba, wakati minada ya korosho inaanza na mvua bado, tufanye zoezi la siku moja. Simu zizimwe saa 3 asubuhi hadi saa 6 katika ofisi za maafa tu, si kwa wananchi. Liwale ipeleke ujumbe kumi Lindi, Newala ipeleke kumi Mtwara, kisha ujumbe uliofika ulinganishwe na ulioandikwa. Mtashangaa. Kupeleka ujumbe sawasawa ni kazi. "Mablanketi 50" yanaweza kufika kama "15". Ndiyo maana tuna namna yetu: kila ujumbe una namba, saa, anayetuma, anayepelekewa, idadi ya maneno, anayepokea anausoma wote tena, na hadi mtumaji aseme ni sahihi haujafika. Mtendaji wa kata anayeandika "hali ni mbaya, tunaomba msaada" amepoteza nafasi hewani. Anayeandika "kaya 12, wazee 4, maji yamezunguka, njia ya mtumbwi ipo" amesaidia. Hilo linafundishika kwa asubuhi moja, na linawafaa watendaji hata wakitumia simu.

Kwa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, ombi langu ni dogo. Mtihani wa leseni ufanyike Mtwara au Lindi walau mara moja kwa mwaka, na maelezo yake yawe kwa Kiswahili. Nina vijana wanne wanaokuja kwangu Jumamosi, mmoja ni wa VETA, mmoja ni msichana wa kidato cha tano anayejua umeme kuliko mimi. Wanafahamu kusikiliza lakini hawaruhusiwi kurusha bila leseni, nami siwaruhusu. Skauti wa dunia nzima hukutana hewani kila Oktoba. Shule zetu zingeweza kushiriki wiki hiyohiyo ya zoezi, na watoto wakapenda fani hii.

Kuhusu vifaa, sitaficha: redio moja ya mawimbi mafupi haipungui sana bei ya bodaboda, na wengi hawaiwezi. Siombi mikoa inunue ya kila mtu. Anzeni na mbili, moja Lindi na moja Mtwara, zikae katika ofisi ya mkoa zikiwa mali ya umma, betri zikijazwa kila mwezi na mtu anayejulikana kwa jina. Nimeona vifaa vizuri vikifia stoo kwa sababu aliyeshika ufunguo alihamishwa. Ufunguo uwe na nakala.

Nasi tunaahidi mambo yetu. Hatutakwenda eneo la maafa bila kuitwa. Hatutasambaza fununu. Hatutarusha habari ya vifo kabla mamlaka haijaitoa. Anayevunja, mfuteni kwenye orodha.

Orodha ya kwanza nimeshaitayarisha: wanaredio wenye leseni ninaowafahamu Kusini na Dar walio tayari, nakala za leseni, aina za redio, na nani ana sola. Nitaipeleka kwa mkono ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa Lindi Jumatatu ijayo, na nakala kwenda Mtwara kwa basi la asubuhi. Ninachoomba kwa sasa ni afisa mmoja wa maafa na mmoja wa usalama waje hapa Mnazi Mmoja Jumapili yoyote saa 3 asubuhi. Waya uko kwenye mikorosho. Nitawasha, wakae pembeni yangu, waone tunavyoitana na waulize lolote. Wakitaka nizime, nitazima.

Wenu katika kazi,
Muuguzi mkunga mstaafu na mwanaredio wa ridhaa,
Mnazi Mmoja, Lindi